Gurudumu Nililolipasua Nikasingizia Jiwe

Tuwan, Kitale
Jumamosi, saa tisa mchana

Naliaka, mayi, mama yangu mdogo,

Umetoka na mama yako kwenda kuwaaga akina mama wa kanisa, na najua hamtarudi upesi, kwa sababu pale kila mmoja ataomba kivyake na kila mmoja atataka umalize chai yake. Nimefunga kibanda cha pancha mapema. Nimeketi kwenye benchi lako la kazi, maana langu limejaa grisi na karatasi hii nimeichomoa kwenye daftari safi.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala sufuria, wala mlango ufungwe saa ngapi. Hayo mama yako ameyasema tangu Jumatatu na bado anaendelea. Mimi nataka kuandika juu ya jambo tulilolizungumza mara moja tu, ukiwa na miaka kumi na mitatu, kisha tukalinyamazia kwa sababu kazi ilikuwa nyingi. Kesho unaenda Bungoma. Keshokutwa utakuwa na karakana yako mwenyewe, na watu watakuletea magurudumu waliyoyapasua. Watakudanganya. Wengi watasema ni jiwe. Nataka ujue mtu wa namna hiyo huwa anahisi nini moyoni, kwa sababu umelelewa na mmoja wao.

Kabla hujazaliwa nilikuwa Webuye, kando ya barabara kuu, nikivua tairi za malori. Wakati huo kiwanda cha karatasi bado kilikuwa kinavuta watu, na malori ya magogo yalipanga foleni hadi pale tulipokuwa tunaketi. Waliniita Jeki. Tairi ya trela ambayo wanaume wawili walihangaika nayo, mimi niliivua peke yangu kwa vyuma viwili na nyundo. Madereva walishuka kuja kutazama. Mmoja alikuwa akisema, "Ngojeni muone, huyu bana atang'oa hata mlima." Nikisikia hivyo nazidisha nguvu, hata mahali ambapo nguvu haikuhitajika.

Rimu ya lori ni chuma. Ukiigonga mahali si pake inalia tu, halafu inarudi barabarani. Nilifanya miaka tisa kazi ambayo haikuwahi kunionyesha kosa langu, na mtu akikaa hivyo muda mrefu anaanza kuamini kwamba hakosei. Kiwanda kilipofungwa na malori yakapungua, tukahamia huku Kitale, nikaja na vyuma vyangu na jina langu. Wewe ulikuwa na miaka minne, na ule ugonjwa ulikuwa umeshakupitia ukakuachia miguu isiyosimama. Nilikubeba mgongoni miaka saba. Nilijivunia hilo pia. Nilisema, mtoto wangu hahitaji kiti cha magurudumu, baba yake ni Jeki.

Kiti kilipokuja ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Unakumbuka ulivyolia nilipokuambia tungojee kwanza, tukiangalie? Ulikuwa umengoja vya kutosha. Ulikikalia pale pale kwenye uwanja wa kanisa, ukakizungusha mara mbili, ukaniacha nyuma. Kabla ya siku hiyo hukuwahi kuniacha nyuma. Nilitembea nikikufuata, na nikuambie ukweli, sikufurahi kama watu walivyodhani. Niliona kama nimeachishwa kazi.

Magurudumu yake makubwa yalikuwa ya plastiki ya kijivu, tairi zikiwa za kujazwa upepo. Niliyagonga kwa kidole nikacheka. Nikamwambia mama yako, "Hii ni sahani ya watoto."

Pancha ya kwanza ilikuja mwaka uliofuata, siku mbili kabla ya mashindano ya mashairi kule Kapsokwony. Shule yako ilikuwa imekuchagua wewe. Mwalimu Kamau wa Kiswahili alikuwa amekufundisha kila jioni, mkirudia ubeti mmoja hadi mimi na mama yako tukaujua. Ukaniletea gurudumu, ukaniambia, "Baba, pole pole," nami nikakujibu, "Mimi nimevua tairi za trela."

Nilichukua vyuma vile vile vya Webuye. Tairi ilikuwa mpya na imekaza. Nikachomeka chuma cha kwanza, nikakilalia. Ikakataa. Nikachomeka cha pili kando yake, nikaweka uzito wa mwili wangu wote, na nikasikia mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu anayevunja kijiti kikavu. Ukingo wa rimu ulikuwa umepasuka, na ufa ukaenda taratibu kutoka pale ukingoni hadi kwenye mmoja wa mikono ya gurudumu inayoshika kitovu, machoni pangu, kama kitu chenye uhai.

Nilitazama huku na huku. Hakuna aliyeona.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kosa lenyewe lilipo. Kupasua rimu ni bahati mbaya. Fundi yeyote atapasua siku moja, hata wewe, ingawa sijaona bado. Lakini nilikuwa na siku mbili. Ningeweza kukuambia. Tungeazima kiti kingine, au ningekubeba mgongoni hadi jukwaani kama nilivyokubeba miaka saba. Badala yake nilitia gundi kali kwenye ufa, nikauzungushia utepe mweusi upande wa ndani usikoonekana, nikaupaka grisi na vumbi ufanane na uchafu. Nikajaza upepo. Nikakuletea nikasema, "Iko sawa." Ukanishukuru, mayi. Shukrani hiyo nimetembea nayo muda mrefu.

Kilichofuata Kapsokwony unakijua kuliko mimi. Ile barabara ya kutoka lango la shule kwenda ukumbini inateremka kama paa la nyumba. Mwalimu Kamau alikuwa nyuma yako ameshika kiti kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa mbele nimebeba chupa yako ya maji. Gurudumu likafunguka pale pale palipopasuka. Ulitupwa upande wa kulia ukaangukia mkono. Nilipofika kwako ulikuwa hulii. Ulikuwa unasema shairi. Ulisema beti mbili ukiwa umelala kwenye kokoto, nadhani kwa sababu ya mshtuko, halafu ndipo ukapiga kelele.

Walimu walikuja wakikimbia. Mmoja akauliza, "Imekuwaje?" Na kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo, nikasema, "Ni jiwe. Wamegonga jiwe."

Wamegonga. Sikusema hata "limegonga". Nilimtia Mwalimu Kamau ndani ya neno langu, naye akainamisha kichwa akasema, "Ni kweli, labda sikuliona." Alikuwa hajagonga kitu. Alilibeba jiwe ambalo halikuwapo, na mimi nikamwachia alibebe miezi saba. Ulipokuwa hospitalini alikuja kukuona kila Jumamosi na machungwa. Nilimpokea mlangoni, nikamwambia, "Usijali mwalimu, ajali ni ajali." Nilimsamehe, Naliaka. Nilimsamehe mtu kwa kosa langu, na akanishukuru kwa hilo.

Mkono wako ulipopona tukaambiwa kuna mama Bungoma anayetengeneza viti vya magurudumu. Tukaenda, mimi na wewe, gurudumu lililovunjika likiwa ndani ya gunia. Hivyo ndivyo tulivyompata Mama Agneta, mwembamba, aproni ya buluu, miwani imefungwa kwa uzi. Alilitoa gurudumu kwenye gunia, akalipitisha kidole ukingoni, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani aripasua hii?" akauliza kwa ile lafudhi ya kwetu.

"Ni jiwe," nikasema.

"Jiwe ringepiga kutoka nje. Hii imekunjwa kutoka ndani. Angaria hapa, si unaona alama mbili za chuma? Tena kuna gundi."

Nilihisi macho yako shavuni mwangu lakini sikugeuka. Mama Agneta akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaelewa, akaenda kutafuta gurudumu jingine. Tulirudi Kitale wewe ukiwa umelipakata gunia. Tulipofika nyumbani ukaniuliza, "Baba, ni wewe?"

Nikakuambia, "Sijui yule mama anaongea nini."

Huo ndio uongo ninaoujutia kuliko wote. Ule wa Kapsokwony ulinitoka kwa hofu. Huu wa nyumbani niliufikiria kwanza.

Siku nne baadaye nilirudi kutoka kibandani nikakukuta sakafuni. Ulikuwa umelitoa lile gurudumu bovu kwenye gunia, umechukua tairi ya zamani, na mwiko wa ugali wa mama yako. Ulikuwa unajaribu kurudisha tairi juu ya rimu kwa kutumia mpini wa mwiko. Jasho lilikuwa linakutoka. Ulisema bila kuinua kichwa, "Baba, nishikie hapa." Nikapiga magoti nikashika. Mikono yako ilikuwa midogo na ule wa kulia bado haukuwa umenyooka vizuri. Uliisukuma tairi kidogo, ukangoja, ukaisukuma tena. Ikaingia. Ukingo haukupata hata mkwaruzo. Wewe mtoto wa miaka kumi na mitatu, na mwiko.

Nikasema, "Ni mimi."

Ukasema, "Najua."

"Nilipasua kwa chuma nikaficha."

"Najua, Baba. Mwalimu Kamau ndiye hajui."

Nilitaka unikasirikie, ningeweza kuvumilia hilo. Badala yake ulinipa kazi. Kesho yake nikavaa koti la kanisani nikaenda shuleni, nikasimama mbele ya mwalimu wako nje ya ofisi, nikamwambia yote, gundi na utepe na grisi. Alivua miwani yake. Kengele ikalia na watoto wakapita katikati yetu. Kisha akasema, "Miezi saba, Baba Naliaka. Nimekuwa nikishuka ile barabara ndotoni nikitafuta hilo jiwe." Nikamwambia halipo. Akasema, "Niambie tena." Nikamwambia tena halipo. Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, akanishika mkono akautikisa kama mtu aliyeshinda kura.

Nilirudi nyumbani nikitembea upesi. Sikuwa nimejua jinsi nilivyokuwa nimeelemewa.

Tulirudi kwa Mama Agneta mimi na wewe, safari hii kama wanafunzi. Aliniambia niviache vyuma vyangu nje, kwa mlinzi. Unakumbuka nilivyonung'unika? Mtu wa miaka arobaini na moja anafundishwa kuvua tairi. Akaniwekea rimu ya plastiki tupu magotini, akanishika kidole, akakipitisha katikati yake.

"Unasikia nini, fundi?"

"Kuna mfereji."

"Hilo ni bonde. Kira rimu iko na bonde. Mdomo wa tairi ukikaa ukingoni, imekaza, hata ulete watu kumi. Uusukume uingie bondeni pande zote, na ghafla tairi inakuwa kubwa kuliko rimu. Wewe ulikuwa unapigana na ukingo maisha yako yote."

Mengine unayajua, na sasa ni wewe utakayeyasema kwa wengine: upepo wote utoke kabla hujagusa kitu, tairi ilazwe juani au katika maji ya moto kiasi ilainike, sabuni ya kuoshea vyombo, kamwe si grisi wala petroli, leva ya kuinulia tairi iwe ya plastiki au ya mti, hatua ndogo ndogo, sehemu ya mwisho kuingia iwe pale penye valvu, na upepo ujazwe taratibu huku unakagua tyubu isibanwe. Bisibisi isikaribie hapo. Niliyashika yote hayo kwa wiki moja. Kitu kimoja kilinichukua mwaka mzima: kuacha kusukuma wakati tairi imekataa. Mikono yangu ilikuwa imefunzwa kwamba ikikataliwa iongeze. Yako ilijua kungoja tangu mwanzo. Mama Agneta aliona hilo siku ya kwanza. Alininong'oneza mlangoni, "Wewe utakuwa fundi mzuri. Huyu ni fundi tayari."

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kulisema. Siku hiyo nilimwonea wivu mtoto wangu. Ulidumu kama umbali wa kutoka Bungoma hadi njia panda ya Kimilili. Halafu ulilala begani mwangu, na mkono wako ulioumia ukawa juu ya goti langu, na ule wivu ukaniishia, haukurudi.

Sasa nifike mwezi uliopita, kwa sababu ndio ulionifanya nichukue kalamu.

Uliniambia nisije kwenye usaili wa fundi wa karakana ya viti, pale hospitali ya Bungoma. Nilikuja. Ulijua nitakuja. Nilisimama nje ya dirisha la karakana pamoja na mlinzi, ambaye alinikubalia baada ya kumwambia mimi ni nani. Mlikuwa watano, na wale wengine wanne walikuwa wanaume wenye mabega. Ulipoingia, yule bwana wa tai nyekundu aliyewasaili alikutazama kitini, akasema kwa upole kabisa, "Dada, kutengenezewa ni mlango ule mwingine."

Nilishika chuma cha dirisha. Mlinzi akaniambia, "Tulia, mzee."

Nawe ukamwambia, "Nimekuja kutengeneza. Naona jina langu ni la tatu kwa hiyo karatasi yako."

Wakawapa kila mmoja gurudumu la plastiki na tairi mpya, ya zile zinazokaza kama nia ya mchawi. Wale wanaume wakaanza mara moja. Nilijua sauti ya kazi yao kabla sijaangalia. Nilikuwa naisikia Webuye. Wewe uliomba beseni la maji ya moto. Mmoja akacheka, "Ati anataka kuoga?" Ukaiweka tairi majini, ukafunga mikono, ukangoja. Naliaka, dakika zile nilizeeka. Wa kwanza akamaliza. Wa pili akamaliza. Wewe ulikuwa bado umefunga mikono. Nilitaka kupiga kelele niseme anza, anza! Hivyo ndivyo ninavyojua kwamba mpaka leo Jeki hajafa kabisa ndani yangu.

Halafu ukaitoa. Ukapaka sabuni. Vidole gumba viwili, ukaizungukia rimu kama mtu anayesuka ukili, ukiupeleka mdomo bondeni, bondeni, bondeni, hadi ukafika kwenye valvu, na tairi ikaingia bila leva yoyote. Kwa mikono mitupu! Mlinzi akasema, "Ala!"

Yule bwana wa tai nyekundu akapita na kitambaa cheupe, akikivuta ukingoni mwa kila gurudumu. Kwa wa kwanza kitambaa kilinasa kwenye mkwaruzo. Kwa wa pili kilinasa mara mbili. Gurudumu la wa nne lilikuwa na ufa, naye alikuwa ameligeuza upande. Nilimwona anavyotazama sakafu. Nilimjua kama ndugu. Ilipofika zamu ya lako, kitambaa kikazunguka mzunguko mzima kama kinapita juu ya maji. Akalirudia. Kikazunguka tena.

Akauliza, "Nani alikufundisha?"

Ukasema, "Mama mmoja alinionyesha vile inafanywa. Na baba yangu alinionyesha vile haifanywi."

Wote wakacheka, mimi nikacheka kuliko wote, na ndipo mkajua niko dirishani. Walipokutangaza, nilipiga vigelegele. Mwanamume mzima. Mlinzi naye akapiga mluzi, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakaanza kupiga makofi bila kujua wanampigia nani. Nikawaambia. Nilimwambia kila mmoja. Yule kijana wa gurudumu lenye ufa nilimkuta nje peke yake, nikakaa naye kidogo, nikamsimulia habari ya Kapsokwony. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akarudi ndani akawaambia ni yeye aliyelipasua. Hukulijua hilo. Ukimwona siku moja mlangoni pako anatafuta kazi, mfikirie.

Sina mengi zaidi. Ukipasua, sema siku hiyo hiyo, kabla gundi haijakauka. Mtu akikuletea uongo na gurudumu, tengeneza gurudumu kwanza; mengine yatatoka yenyewe akikuona unavyolishika.

Leo asubuhi, mlipokuwa sokoni, mzee mmoja kutoka Endebess aliingia kibandani na gurudumu la kiti cha mke wake. Akauliza, "Fundi yuko?"

Nikasema, "Ni mimi, mzee."

"Si wewe. Yule msichana."

Nikamwambia umepata kazi Bungoma, karakana nzima ni yako. Akahuzunika. Nikamwambia naweza kumfanyia, kwamba wewe ndiye umenifundisha. Aliitazama mikono yangu, akafikiri sana. Mwisho akasema, "Basi fanya. Lakini Jumatatu nampeleka mke wangu kliniki huko Bungoma, nitapitia kwake alikague."

Nimelifanya, mayi. Nimetumia maji ya moto, sabuni, na vidole tu, na nimechukua muda mrefu kuliko nilivyowahi kuchukua kwa tairi yoyote duniani. Liko hapa mbele yangu ninapoandika. Mzee atalijia jioni, na Jumatatu litakuwa kwenye meza yako. Lipitishe kitambaa mzunguko mzima, na chochote utakachokiona, mwambie mzee ukweli, hata kama ni kazi ya baba yako.

Wako,
Baba